Maji Yalipoingia kwenye Injini, Njia ya Lukafu

Jumapili, Lubumbashi. Mvua imekatika asubuhi hii na mtaa wetu wote wa Katuba unanuka udongo. Mikono yangu inanuka petroli, ingawa nimeiosha mara tatu.

Nashukuru. Nianze hapo, kabla sijaanza kujilaumu.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kupeleka dawa vijijini kwa pikipiki ndefu ya njia mbovu, yenye matairi ya meno. Alhamisi asubuhi Joseph, muuguzi wa Lukafu, alinipigia simu. Mama Charlotte, mkulima, alikuwa ameumwa na nyoka shambani. Mkono umevimba mpaka begani, ufizi unatoka damu, na kituo hakina dawa ya sumu. Pikipiki yao ilikuwa imekufa tangu kiangazi. Nikafunga sanduku la dawa mgongoni, nikaondoka.

Kwenye kijito cha mwisho kabla ya Lukafu maji yalikuwa yamepanda. Najua sheria: unashuka, unaingia kwa miguu, unapima kina. Sikushuka. Niliuwaza ule mkono, nikaongeza mwendo. Katikati gurudumu la mbele likaingia shimoni, pikipiki ikalala ubavu, injini ikameza maji ikanyamaza.

Niliivuta hadi ukingoni, nikapiga kiki. Mara ya pili pedali ikagoma kushuka.

Hapo niliogopa kweli.

Mwaka jana nilimpelekea pikipiki hii Papa Faustin, fundi wa mtaani kwetu, ili aitengeneze. Akanitia spana mkononi, akakaa. "Fungula weye mwenyewe," aliniambia. "Mu pori miye sitakuwako." Nilikasirika. Jumamosi nyingi nilishinda pale nimepaka grisi mpaka usoni, moyoni namwita mvivu. Siku moja alinionya: "Mayi ikiingia mu moteur, usipige kick. Utosha bujia kwanza, ao utakunja chuma ya ndani."

Nikatoa bujia, yaani plagi ya injini. Lakini pikipiki ilihitaji kupinduliwa, na peke yangu siiwezi.

Akatokea mwanaume anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala, yaani makaa, anaelekea mjini. Sikumuita. Mwenyewe aliegemeza baiskeli yake, akavua viatu na shati. Nikafunga bomba la petroli, tukaigeuza magurudumu juu, nikaingiza gia. Yeye akazungusha gurudumu la nyuma kwa mikono, na maji yakaruka kutoka kwenye tundu la bujia. Tulipoisimamisha tena, nilifungua skrubu ya chini ya kabureta: yakatoka maji, kisha petroli. Sponji ya kichujio cha hewa niliikamua ndani ya shati lake kavu. Bujia niliifuta kwa upindo wa kitenge changu.

Iliwaka kwa kiki ya sita, kwa moshi mweupe.

"Nimekuchelewesha sana, papa," nilimwambia.

"Enda, yaya," alisema, akiniita dada mkubwa. "Makala haiozi."

Sikumuuliza jina. Hilo linanisumbua hadi leo.

Mama Charlotte alipata dawa kabla ya jua kuzama. Ijumaa asubuhi uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, akaomba bukari, ugali wetu. Dada yake alinishika mikono yote miwili. Nilitoka nje nikalia kidogo.

Nje ndipo nilipoiona pikipiki ya kituo, imeegemezwa ukutani. Panya walikuwa wamejenga ndani ya kichujio. Kabureta imegandiwa na petroli ya zamani, kebo ya klachi imekatika. Si maiti, ni mgonjwa tu. Joseph alisimama nyuma yangu akitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Yaya, utanifundisha?"

Jana nilikuwa kwa Papa Faustin kubadilisha oili. Ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, kwa maji yaliyoingia.

"Ulipima mayi mbele ya kupita?"

"Hapana, papa."

Alinisukumia kopo la oili mpya niimimine mwenyewe. Nikamweleza habari ya Mama Charlotte, na ya Joseph na kebo iliyokatika, nikamwambia asante, neno ambalo sikuwahi kumwambia mwaka mzima. Akaangalia pembeni, akaingia ndani, akarudi na kebo ya klachi iliyotumika lakini nzima. "Ya ule mutu wa Lukafu," alisema.

Alhamisi narudi Lukafu kumfundisha Joseph. Kabureta naijua, kebo naijua. Subira ya kukaa kimya wakati mtu mwingine anakosea, je, ninayo?