Mashimo ya Makaa ya Thackray

Wee Alder, umeyasikia ya Thackray? Aibu! Aibu tupu!

Si anauza lile shamba la mteremkoni pajengwe nyumba? Ikijulikana palichimbwa makaa ya mawe, wanunuzi watatimua mbio wakihofia ardhi kudidimia. Basi leo wachimbua mambo ya kale, waliotumwa kukagua kabla ya ujenzi, wamekwangua udongo, naye kasimama kifua mbele: "Babu zangu walilima tu. Hakuna aliyewahi kuchimba makaa hapa!"

Hakuna aliyewahi!

Chini ya matuta ya zamani yakatokea madoa meusi ya duara, yamejipanga mstari mmoja. Yule binti anayewaongoza, Imogen, akasema kwa upole, "Bwana Thackray, haya ni mashimo ya makaa. Babu zako walichimba, wakafukia, wakalima juu yake."

"Ni mashimo ya sungura hayo!"

Sungura, Alder! Sungura mwenye upana wa trekta!

Watu wakaufuata mstari kwa macho, taratibu, mpaka kwenye nyumba yake mwenyewe. Ile sebule mpya yenye ufa, aliyomtukania fundi mwaka mzima.

"Mnatazama nini?" akabweka.

Mkewe Mavis yuko mlangoni na birika. "Wanatazama kinachotelezesha vikombe vyangu mezani, mume wangu. Kamwombe fundi radhi, halafu unitafutie pa kulala."