Kofi Lile Halikuwa la Kuigiza

Jumatatu, 3 Machi
Damu yetu ya kuigizia ni sharubati na rangi. Chini ya taa, kufikia saa nane mchana imeshachacha, na inzi wananifuata kama mzoga. Kinyaa kitupu. Kila anayepita ananiambia nimependeza.

Msimu wa nne wa tamthilia sasa. Mitatu iliyopita nimewinda mapepo nikilia kila ninapoua. Mwandishi anasema mwindaji ninayemwigiza amekua: haombi radhi, haliogopi giza lake. Nikamwuliza, kukua ndiyo kuwa katili? Akasema watazamaji wamechoshwa na machozi yangu.

Jumanne, 4 Machi
Leo ilikuwa kuruka kutoka darini. Si mimi, ni mbadala wangu — yule binti anayevaa wigi kama langu na kuanguka kwa niaba yangu. Akaruka mara moja tu, kazi ikaisha. Makofi. Nikamsikia mwongozaji akimwambia mpiga picha kuwa binti huyu anatembea kama mwindaji kuliko mimi mwenye sehemu hiyo.

Roho imeniuma. Mtu mzima na wivu wa chekechea.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike kama ilivyokuwa.

Mwindaji anamhoji mwanamke mwenye pepo, amefungwa kitini. Mchezaji wa sehemu hiyo anaumwa, mbadala akavalishwa nguo zake, nywele zikafunika uso. Kofi la kuigiza tumelifanya mara mia: mkono unapita mbele ya shavu, yeye anageuza kichwa, mlio unawekwa baadaye.

Mara tatu sawa. Mwongozaji haridhiki. Mara ya nne mkono haukupita mbele. Nilijua kabla haujafika.

Mdomo wake ukapasuka. Mikono yake imefungwa, hata kujifuta hawezi. Na mimi nikatabasamu. Nikainama, nikasema maneno yangu yote bila kukosea.

Mwongozaji alikuwa karibu kulia kwa furaha. "Hapo sasa! Mwindaji amezaliwa."

Nikasema mkono umeteleza. "Pole, mdogo wangu."

"Hamna shida, dada." Akafunguliwa mikono, akatema damu kwenye karatasi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeoga mara tatu. Mama kapiga simu, kauliza mbona siku hizi namjibu mkato. Nikamjibu mkato.

Jumatatu, 10 Machi
Wametuonyesha kipande kile katika chumba cha kuhariri. Sifa zikamwagika. Mwandishi ameandika upya vipindi viwili kwa ajili ya uso ule.

Niliutazama. Ni wangu. Ulinipendeza — hilo ndilo linalonitapisha, kuliko damu, kuliko inzi.

Mbadala alisimama mlangoni, nyuzi mbili za mshono mdomoni. Akanifuata kwenye ngazi.

"Dada, mimi kuanguka ndiyo kazi yangu. Naujua mkono ulioteleza, na naujua mkono uliokuja."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Sema ukweli mbele yao. Kwenye ripoti wameandika kwamba mimi ndiye niliyesogea. Mbadala anayesogea ovyo, nani atamwita tena?"

Nilishuka ngazi, nikamwacha pale. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 12 Machi
Tumeitwa ofisini. Tumekaa benchi moja koridoni, yeye na mkoba wake, mimi na daftari hili. Ndani kuna msimamizi wa usalama na fomu: nathibitisha kuwa mbadala aligeuza kichwa vibaya. Inangoja sahihi yangu tu.

Mwongozaji amepita, akaniminya bega. Nikikiri, kipande kinafutwa. Nikisaini, ndicho kitakachofungua msimu.

Nataka kibaki. Haya, nimeandika. Nimesoma tena na bado nataka kibaki.

Mlango umefunguliwa, wananiita mimi kwanza. Nimeomba dakika moja. Mbadala ananitazama. Nimemwambia, "Usijali, mdogo wangu." Neno limetoka laini, bila kutetemeka hata kidogo. Na yeye ameelewa kabla yangu kwamba nitasaini — ameshavaa mkoba wake, anasimama kuondoka.