Uvimbe wa Mama Rael Umepungua

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kliniki ya majaribio ya dawa. Wagonjwa sita. Nimepima uvimbe shingoni mwao kwa rula, nikaandika milimita. Wa mwisho Mama Rael wa Sigor, saratani ya koo. Anameza uji tu. Dawa inamtapisha. Ameniambia, "Sista, nimechoka. Nataka nikae na ng'ombe wangu." Nimemwomba angoje kipimo kijacho.

Jumatatu, 25 Machi
Uvimbe wake umepungua karibu nusu. Nimepima mara mbili. Nikamwambia dawa inafanya kazi, asiende nyumbani. Binti yake, Chepkirui, alinishika mikono yote miwili. Mama amekubali kulazwa, aendelee na dawa. Amekubali kwa sababu yangu.

Jumatatu, 15 Aprili
Uvimbe mdogo zaidi. Mama naye mdogo zaidi. Hawezi kuketi. Uji haushuki. Daktari ametazama karatasi, hakumtazama yeye. Nami nikaandika milimita.

Jumanne, 23 Aprili
Mama Rael amefariki asubuhi, wodini. Hakuwaona ng'ombe wake tena. Chepkirui hakulia mbele yangu. Aliuliza tu, "Si ulisema dawa inafanya kazi?" Naona aibu.

Jumatano, 24 Aprili
Nimejaza fomu yake. Kwa hesabu ya utafiti, Mama Rael ni mgonjwa aliyesaidiwa na dawa. Uvimbe ulipungua, basi. Nilimwuliza daktari. Akavua miwani. Alisema utafiti huu unauliza kama dawa inapunguza uvimbe. Kama inaongeza maisha, huo ni utafiti mwingine, wa watu wengi na miaka mingi. Hakuficha kitu. Mimi ndiye niliyemwahidi mama jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Jumamosi, 27 Aprili
Mazishi, Sigor. Nilimwambia Chepkirui ukweli wote. Kwamba nilipima uvimbe tu, nikasema kana kwamba mama anapona. Baadaye akaniletea chai, akaketi kando yangu. Hakusema amenisamehe.

Jumatatu, 6 Mei
Mgonjwa mpya, mzee mkulima wa chai kutoka Kipkelion. Kabla hajaweka alama ya kidole kwenye fomu ya kukubali dawa, nilimweleza: uvimbe unaweza kupungua, lakini hatujui kama ataishi zaidi. Na dawa itamtapisha. Alifikiri sana. Akauliza kama wanaobaki nyumbani hupata usingizi. Nikasema wengine hupata, tukiwapa dawa ya maumivu. Akavaa kofia yake. Atanipa jibu Alhamisi.