Saruji Chini ya Kitanda cha Baukje

Groningen, 6 Oktoba 1974

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Baukje. Natumaini mguu umeanza kukutii na chakula cha hapo kina chumvi. Sisi wazima. Mume wangu Wobbe ameondoka tena na meli yao ya kuchimba matope ya bandari, harudi hadi Krismasi, kwa hiyo nahodha ni mimi na baharia wangu ana miaka minne.

Najua unataka habari za tishari lako kabla ya zangu. Renskje, nyumba yetu ya majini, hajambo. Ubavu wote nimeupaka lami mpaka kwenye maji, na mikono bado inanuka. Kifuniko cha grisi ya rafadha kule nyuma nakikaza kila Jumamosi, na siku hiyohiyo napiga pampu kutoa maji ya ngama, yale yanayotuama chini kabisa. Kazi haziishi, lakini baba, asubuhi jua likipiga mfereji, mwanga unacheza darini na mabata wanagonga chuma wakidai mkate. Jirani yangu Harm, yule nahodha mstaafu wa tishari la kijani, anasema, "Wenye nyumba za matofali wanalipa hela kwenda kutazama maji. Sisi tunayakojolea bure."

Sasa Baukje anadai chumba chake. Nimemwandalia kile cha omoni, mbele kabisa, nilimolala mimi kila likizo ya shule. Nilipoinua mbao za sakafu nikakwangua kutu yote mpaka chuma kikang'aa, na hapo nikakuta bonge la saruji, kubwa kama sanduku la viazi, upande wa kushoto. La nini hili? Wobbe anataka sakafu ishuke kidogo, mtoto apate nafasi. Harm ameniazima nyundo kubwa na tindo. Jumamosi nalivunja.

Mwanao,
Tietje


Dordrecht, 9 Oktoba 1974

Mwanangu Tietje,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mguu ni uleule, na masikio kama ujuavyo niliyaacha kwenye injini, simu hainifai, kwa hiyo usichoke kuandika. Hapa nyumba ya wazee tunalishwa mchuzi wa njegere siku tatu kwa wiki, na kwenye meza yangu manahodha wanne tunapigiana kelele bila yeyote kusikia.

Lami umepaka vizuri. Ila usiirundike, tabaka mbili zatosha. Kifuniko cha grisi nacho usikikaze mno.

Hiyo saruji ni uzito tu. Tishari lisilobeba mzigo huinua pua. Usiiguse. Mrudishie Harm nyundo yake leo, usingoje Jumamosi. Na kitanda cha mtoto kiweke nyuma, karibu na jiko. Omoni kuna baridi, atapata kikohozi. Nasema tena, nyundo irudi leo.

Baba yako,
Hotze


Groningen, 13 Oktoba 1974

Baba mpendwa,

Salamu tena. Sisi kiafya wazima, lakini mimi moyo hautulii.

Nyundo nimerudisha. Saruji sijaigusa. Ila jioni hiyohiyo nilifuta kando yake kwa kitambaa, nikatandaza gazeti pembeni ili nione kama panavuja. Asubuhi gazeti limelowa. Nikaweka jingine, nalo likalowa. Nilizoea pampu mara moja kwa wiki, sasa ni asubuhi na jioni, na maji yenyewe ni meusi, ya mferejini, si jasho la chuma.

Nikamwita Harm. Unamjua, huyo hata akinywa kahawa anaongea. Alipiga goti, akaweka kiganja pale, akaiacha hadithi yake katikati. Kisha akauliza, "Nani aliyemwaga hii?"

"Baba. Anasema ni uzito."

"Uzito, Tietje? Uzito unakaa katikati. Nahodha gani anaweka uzito ubavu mmoja? Ili aende akizunguka kama bata aliyevunjika bawa?"

Sikucheka. Naye hakucheka.

Baukje alilala hapo usiku mmoja tu kabla barua yako haijafika. Aliamka akaniambia, "Mama, chini ya kitanda kuna mtu ananong'ona." Nimemhamishia nyuma kama ulivyosema. Lakini wewe ulisema ni kwa sababu ya baridi. Baba, chini ya saruji kuna nini? Naogopa. Nijibu haraka.

Mwanao,
Tietje


Groningen, 21 Oktoba 1974

Baba,

Natumaini u mzima. Siku nane hakuna barua. Nimepiga simu hapo, muuguzi ameniambia unakula vizuri, ila kila siku unaomba karatasi na kila siku anaziokota sakafuni zimekunjwakunjwa.

Ningekuja mwenyewe, lakini siwezi kuacha chombo. Sasa napiga pampu kila baada ya saa tatu. Nalala na viatu.

Andika, hata kama ni baya.

Tietje wako


Dordrecht, 22 Oktoba 1974

Binti yangu,

Sikuulizii afya, najua nimeiharibu. Soma yote kabla hujanilaani.

Novemba ya mwaka 1952 tulikuwa tunapandisha viazisukari mtoni karibu na Kampen. Mto ulikuwa bado na vyuma vya madaraja yaliyolipuliwa vitani. Kimoja kilitupata ubavu wa kushoto, chini ya omo. Bamba lilipasuka, ufa wa urefu wa mkono wangu. Mama yako alikuja na ubavu mzima wa nyama ya nguruwe yenye mafuta, tuliyoiweka kwa ajili ya majira ya baridi, tukaukandamiza pale kwa magunia na gogo. Wazee wetu walifanya hivyo, na mafuta huzuia maji kweli. Juu yake nikamwaga saruji.

Ilikuwa ya wiki mbili tu, msimu uishe. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Nje nilibandika kipande cha bati chembamba, nikakifunika kwa lami. Mkaguzi alipokuja na kinyundo chake akagonga hapo, saruji ikatoa mlio mnene, akanipiga begani, "Hotze, chuma chako kizuri kuliko changu." Nikamshukuru! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika miaka ishirini na miwili.

Nilipokupa chombo mwaka wa 69 nilitaka kukuambia. Ulikuwa unacheka, una mimba, umeshachagua rangi ya madirisha. Nikaona aibu. Huo ndio ukweli, sikuwa na sababu nyingine.

Kutu uliyoikwangua ndiyo iliyokuwa imeziba njia ya maji. Sasa sikiliza. Mtoto asilale humo tena, mpeleke nchi kavu. Usiwashe injini, mtikiso utailegeza saruji. Renskje avutwe na mtu polepole mpaka kwenye chelezo, wampandishe juu wakate bamba lile. Kwenye lango la maji, msifungiwe kati ya milango miwili pamoja na tishari kubwa lenye mota, mkondo wake utawasukuma. Ukikuta saruji inahama, usijaribu kuiinua. Ikandamize.

Naogopa, Tietje. Siku zote nilikuwa naogopa.

Baba yako,
Hotze


Groningen, 24 Oktoba 1974

Baba,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini palepale ngazini.

Sina salamu leo. Nililala juu ya ufa ule kila likizo tangu nina miaka minane. Wewe na mama mlinifunika blanketi, mkanibusu, mkaniacha juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe, baba, uliuziba kwa uongo na nyama ya nguruwe, kisha ukanizawadia. Ningeanza kupiga nyundo Jumamosi ile na mtoto akicheza karibu yangu! Wazo hilo linanijia hata nikimenya viazi, mpaka naacha kisu.

Chelezo kina nafasi Jumatatu tarehe 28. Ni mwendo wa saa mbili kwa kuvutwa, madaraja mawili na lango moja la maji. Harm atatuvuta kwa mashua yake. Baukje yuko kwa mwalimu wake, ghorofa ya tatu. Analia anataka nyumbani. Omoni nitakaa mimi, na godoro, na kabari za mbao, na ndiyo, nimenunua nyama yenye mafuta. Mwenye bucha ameniuliza, "Una wageni?"

Usiniulize kama nimekusamehe. Sasa hivi nina nafasi ya kitu kimoja tu, nacho ni kumfikisha Renskje. Nitaandika siku hiyohiyo tukifika.

Tietje


Dordrecht, 31 Oktoba 1974

Tietje mwanangu,

Leo ni Alhamisi. Barua ya Jumatatu ingekuwa imefika jana, na mbaya kabisa leo asubuhi. Mleta barua amepita mara mbili, nimemfuata na magongo yangu mpaka getini. Muuguzi amepiga simu kwenye chelezo kwa niaba yangu, akaambiwa msimamizi hayupo, apige kesho. Hakuna aliyeweza kumwambia kama Renskje alifika.

Mlipita kwenye lango? Ulikuwa peke yako mle ndani? Nambie tu.

Baba yako


Dordrecht, 2 Novemba 1974

Tietje,

Bado hakuna kitu. Wamepiga tena, simu haikupokelewa. Andika neno moja, hata liwe tusi. Nitalipokea.

Baba


Groningen, 3 Novemba 1974

Baba,

Tu hai. Samahani kwa kimya. Nilianza kuandika mara tatu na kila mara nikaichana karatasi.

Madaraja tulipita salama. Kwenye lango, Harm alimwomba mlinzi tuingie peke yetu, akakubali, na milango ilipokuwa inafungwa tishari la mchanga likajichomeka nyuma yetu. Mkondo wake ukatubamiza ukutani. Nilisikia mlio kama sahani inavunjika, na saruji ikagawanyika vipande viwili mbele ya macho yangu, maji yakaja yamesimama. Nikatupa nyama juu ya ufa, nikatupa godoro, nikalala juu yake chali, mgongo chini na miguu imesukuma dari. Harm akaruka kwenye pampu. Nilimsikia juu yangu akimtukana nahodha wa mchanga, "Mwana wa ng'ombe wewe! Mwendo huo unakimbilia mazishi ya nani?" na kila tusi, pampu moja. Maji yalinifika masikioni, baba. Ni ya baridi. Nilimwita mama kwa sauti.

Yule wa mchanga, nasema haki, alipoelewa ndiye aliyetufunga ubavuni kwake, akatubeba mpaka chelezoni. Tulipokwisha kupandishwa nchi kavu, fundi alilibandua bati lako kwa vidole, bila chombo chochote. Mimi ndani nilikuwa naliondoa godoro, naye akapitisha mkono toka nje akanishika kiuno, tukapiga mayowe wote wawili.

Bamba jipya limechomelewa. Mkaguzi aliuliza ni nani aliyefanya ile kazi. Nilisema, "Baba yangu," akaandika. Nadhani ulistahili hilo, na nadhani ungetaka hivyo.

Renskje amerudi majini tangu juzi. Ngama ni kavu, gazeti ni kavu, nimelitazama mara kumi. Lakini bado tunalala kwa mwalimu. Kila asubuhi Baukje ananiuliza, "Leo tunarudi?" na kila asubuhi nasema kesho. Nakipenda chombo hicho kuliko mahali popote, na nikiingia mle natoka kabla sijavua koti. Sakafu haina kosa tena, mimi ndiye ninayeisikiliza.

Kwa hiyo nakuuliza, si kwa ugomvi, nataka kujua kweli. Wewe ulijua. Ulilalaje humo miaka yote ile?

Mwanao,
Tietje


Dordrecht, 6 Novemba 1974

Mwanangu Tietje,

Barua yako ilifika jana saa tano. Nimemshukuru Mungu, na Harm, na hata yule wa mchanga.

Umeniuliza nililalaje. Mwanangu, sikulala. Ulipokuwa nyumbani likizo, nilikaa kwenye ngazi ya omoni mpaka kukapambazuka, kiganja sakafuni, nikiwa tayari kukubeba. Mama yako alipokezana nami. Ndiyo, alijua, na ndiyo maana alizeeka upesi. Ulipokuwa shuleni nilisinzia nimekaa. Na nilipokuja hapa kwenye kitanda kisichoyumba, nikajua umemlaza mtoto wako kwenye chombo kile, nikaendelea kukaa.

Jana nilisoma barua yako mara mbili, nikajinyoosha kidogo kabla ya chakula cha jioni. Nikashtuka natikiswa mabega. Ilikuwa leo, saa tatu asubuhi. Muuguzi analia, nyuma yake mwenzake kasimama na daktari, na wale watatu wa mezani kwangu wameshavua kofia. Walidhani nimekufa.

Sina la zaidi la kukufundisha kuhusu chombo. Ukiwa tayari, rudini. Na kama kwanza utahitaji mtu wa kukaa ngazini ili wewe ulale, njoo unichukue. Mguu haufai, lakini kukaa naweza.

Baba yako,
Hotze