Vidonge vya Mama na Kauli ya Mjomba

Jumatatu, Morogoro mjini. Manyunyu tangu asubuhi, milima haionekani, na mimi nimeamka na hasira. Naandika nikiwa nayo hivi hivi.

Mama alikatwa titi la kushoto mwezi uliopita kwa sababu ya saratani. Ijumaa majibu ya maabara yakatoka: seli za ule uvimbe zimejaa protini zinazopokea homoni ya kike. Mambo haya nayasoma chuoni, lakini kuyasikia yakisemwa juu ya mama ni kitu kingine. Nililia chooni.

Halafu nikafurahi, maana uvimbe wa aina hiyo una dawa yake. Homoni ikiishika protini ile, seli inaamriwa igawanyike, na kwa mama amri hiyo haikuwa na breki. Kidonge kinawahi kukaa pale pale. Homoni ikifika inakuta nafasi ina mtu, kama aliyechelewa misa. Na siku hizi hatungoji bohari ya dawa ya serikali. Maduka ya dawa ya watu binafsi yamejaa mjini.

Jana nikapanda milimani Mgeta, kijijini kwetu, kumchukua mama. Nikakuta mjomba, kaka yake mama, ameshapanga tambiko kwenye makaburi ya ukoo, vidonge visubiri kwanza. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba akisema amesema. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza taratibu kwamba hakuna aliyemtupia mama kitu, amri inatoka ndani ya mwili wake mwenyewe.

Nilijiponza.

Akasema hicho ndicho anachokisema siku zote. Bibi naye alikufa kwa titi, kwa hiyo jambo limo ndani ya ukoo, na mambo ya ukoo ni yake. Miaka yote ya darasani, nimekwenda kumpa yeye hoja!

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Kaka, ukoo huu tunauzaa sisi wanawake," alisema. "Tambiko fanyeni, mniombee. Vidonge nitameza."

Mimi na mama tukaaga. Tukashuka na lori la kabichi.

Leo amemeza cha kwanza kwa chai ya rangi, akilalamika sukari haitoshi. Kama kitafanya kazi, sijui. Daktari naye hajui. Kasema ameze kila siku, kwa miaka, tuone.

Nimemuuliza mama kama anaogopa. Amesema anaogopa sana, na kwamba kesho nisisahau kumwamsha ameze cha pili.