Matone Matatu ya Mafuta ya Mdalasini

Lanfang, nusura nifukuzwe kazi sasa hivi!

Si unajua bosi Nong anataka karatasi ya kila boksi la keki za Sikukuu ya Mwezi itiwe tone moja la mafuta ya mdalasini, zisiote ukungu? Mvua hizi zikanitia hofu. Nikatia matatu.

Leo kaja mnunuzi, kaonja, katema. "Binti, hii keki au dawa ya kuchua magoti? Inanuka bibi yangu!"

Inanuka bibi yangu, shoga!

Bosi kanifokea: "Toka!" Kisha akamfungulia mnunuzi boksi alilofunga mwenyewe wiki jana, kumbe alisahau kutia mafuta.

Keki zina manyoya kama paka!

Mnunuzi kakodoa macho. "Afadhali bibi," kasema. "Nipe maboksi mia mbili."

Bosi kanigeukia: "Umesimama nini? Kafunge!"