Kioo cha Mlango wa Bi Mkubwa

Baba Zaituni, mume wangu uliyebaki ziwani,

Kioo nimekirudisha mlangoni. Najua ulikataza. Naanza na hilo ili kama ni kukasirika, ukasirike mapema, kisha unisikilize.

Bi Mkubwa bado yuko uani, palepale ulipomwacha. Jina hilo nililitoa mimi, tulipooana tu, nilipogundua kwamba gari kuukuu la marehemu baba yako linaogeshwa kila asubuhi kabla mimi sijasalimiwa. Nikasema, kumbe nimeolewa mke wa pili. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu hapo Rumonge nzima ikamwita hivyo, na kila bibi arusi wa mtaa wetu akataka kupelekwa kwa mumewe na Bi Mkubwa, vioo vimepandishwa, vumbi lisimguse wala watu wasimwone vizuri kabla hajashuka.

Kazi ya vioo nilijifunza kwa kukushikia. Ukifungua ubao wa ndani wa mlango, mimi nakusanya skrubu kwenye kisahani cha chai. Ukikiteremsha kioo kiupande ndani ya tumbo la mlango, mimi nakipokea chini kwa viganja viwili, wewe unazungusha mkono wa kupandishia, nacho kinapanda taratibu kati ya mipira yake ya kukibana. "Shika, Mama Zaituni, usipumue." Nami sipumui. Siku moja uliniacha hivyo hivyo ukaenda kumsalimia mtu barabarani, ukapiga soga, ukasahau kama una mke anayeshika kioo. Nilikununia siku nzima.

Halafu yale mawese. Mwenyezi Mungu anisamehe, mpaka leo nikiyaona kwenye chungu natamani kuyamwaga. Mpira mpya ulikuwa mgumu kuingia kwenye mfereji wake, nikakuambia tumia maji ya sabuni, kama alivyofanya baba yako. Wewe ukachovya vidole kwenye mafuta yangu ya kupikia maharage.

"Mawese inalainisha kila kitu, hata moyo yako."

Mtoto wa Rumonge wa kweli: kifua kikibana, mawese, bawaba ikilia, mawese. Mpira uliteleza ukaingia wenyewe, nawe ukanigeukia kwa majivuno. Lakini mafuta na mpira havipatani. Haikupita miezi mingi mpira ukavimba, ukalegea, ukawa unanata vidoleni kama ugali mbichi. Kioo kikaanza kucheza mlangoni. Na siku ile tukirudi kutoka Muhuta, shimo moja tu barabarani, chote kikamwagika mapajani mwangu. Hatukugongwa, hatukurushiwa jiwe. Ni mafuta ya maharage tu.

Ningekuwa mke wa mtu mwingine tungebandika plastiki, maisha yakaendelea. Wewe ukasema bibi arusi si gunia la mihogo. Ukavuka ziwa kwenda upande wa Kongo, ulikosikia kuna gari la aina yake limeachwa kwenye majani. Kioo ukakipata, ukakitanguliza kwa mama mmoja muuza samaki wa ndagala. Akaja nacho kimeviringishwa ndani ya godoro, pamoja na maneno yako: "Bwana yako anasema usikiguse mupaka afike. Eti utakivunja." Wewe ulibaki kutafuta mipira. Boti uliyopanda kurudi haikufika.

Waliookoka walisema walichokiona. Sikuwasikiliza. Kioo kilikuwa kimeegemea ukuta wa chumba chetu, na kilikuwa kimekatazwa kuguswa mpaka ufike. Basi lazima ufike. Ndivyo nilivyofikiri, na usinicheke. Majirani walikuja na "mwihangane" zao za pole, nikawaambia murakoze, asanteni, na nguo za eda sikuvaa. Shehe alinieleza kwa upole kwamba ushahidi wa waliokuona ukizama unatosha. Nikamkaribisha chai. Mdogo wako Ramadhani akawa anakuja baada ya swala ya alasiri, anakaa kwenye kibao, anazungushazungusha kofia yake mikononi.

"Shemeji, watu wako wanauliza. Tusome hitima ao tungoje tena?"

"Tungoje."

Kisha wavuvi wa Kabonga wakaleta mipira. Ilielea, Baba Zaituni. Ilikuwa imeviringwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kwa kipande cha kitenge nilichokufungia chakula cha safari, kile cha njano chenye tundu la pasi. Habari za boti zilikuwa zimeenea pwani yote, wakaulizia Rumonge ni nani aliyevuka kwa ajili ya gari.

"Mutu hatukumuona, mama," alisema mmoja wao, macho chini. "Iko hii tu."

Kioo kilitangulia, mipira ikafuata, mwenyewe hukutokea. Nilikikunja kile kitenge nikakiweka chini ya mto, na tangu siku ile samaki siwezi kula. Hata harufu yake sokoni inanirudisha nyumbani mikono mitupu.

Mvua za juzi zikaingia mlangoni mwa Bi Mkubwa, viti vikaota ukungu, mpaka chako. Nikamwita Ramadhani. Nikatia maji ya sabuni kwenye beseni. Yeye akashika chini, mimi nikazungusha. Mikono yake ni mikono yako, sikuweza kuitazama. Mpira uliingia kwa shida, kidogo kidogo, kucha zikaniuma, na ndivyo unavyotakiwa kuingia. Kioo kikapanda mpaka juu. Hakikuvunjika. Nilikuwa nimeomba kivunjike.

Nikaingia ndani ya Bi Mkubwa, nikafunga mlango, nikakuita. Nilikuita kwa jina lako, lile alilokupa mama yako, ambalo kwa heshima, miaka yote ya ndoa, sikuwahi kulitamka mbele yako. Nililitaja kwa kelele mpaka sauti ikakauka. Ramadhani alikuwa nje, karibu kabisa na mlango, akifuta vyombo vyako vya kazi kwa kitambaa. Hakugeuka. Hakusikia kitu. Mipira uliyochagua ni mizuri, mume wangu.

Binti yetu Zaituni anasema nitapoa. Sitaki kupoa. Watu wanasema ya Mungu mengi, nami nakubali kwamba ni mengi, ila hili limenishinda. Nilipokuwa nangoja niliweza kuamka, nikapika, nikafagia uwanja, maana mtu anayengojewa hapaswi kukuta nyumba chafu. Sasa nafagia sijui kwa ajili ya nani. Huna hata kaburi nikafagie huko.

Niliposhuka nilimwambia Ramadhani hitima isomwe Ijumaa. Alilia kuliko mimi, maskini, alikuwa amejizuia muda mrefu. Nguo za eda ziko kitandani, zimepigwa pasi, kesho nazivaa.

Mungu akulaze pema huko uliko, hata kama ni kwenye maji.

Mjane wako,
Mama Zaituni